Kutatua matatizo ya michoro ya haraka ya matembezini: mwongozo kwa wachoraji wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Anayechora huku akitembea, akisimama dakika tano hapa na dakika kumi pale, huharibu karatasi nyingi kuliko anayechora akiwa ameketi mezani, na hakuna njia ya kuukwepa uharibifu huo wote. Kinachoweza kuepukwa ni kukosea chanzo chake. Mchoro ukitoka vibaya, karibu kila mtu huulaumu mkono: kwamba ni mzito, kwamba haukufundishwa, kwamba hauna kipaji. Kwa maoni yangu mkono unastahili kuhojiwa mwisho kabisa. Mara nyingi kosa huwa limekwisha kutendeka kabla penseli haijagusa karatasi: mahali mchoraji aliposimama, saa aliyotoka nyumbani, kitu alichoamua kukichora, na muda mfupi mno alioutumia kukitazama. Baada ya hapo huja makosa ya zana, na yale ya mkono hufuata yakiwa machache.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile kinachoonekana kwenye karatasi, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Matembezi yanayozungumziwa ni yale ya kawaida ya Mwanza: vilima vya mawe na vichaka vyake, miti ya Capri Point, fukwe za Luchelele na Kayenze, njia za Kisiwa cha Saanane ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na, kwa anayevuka kwenda Ukerewe, msitu wa Rubya. Uchunguzi ufanyike papo hapo, kitu kilichochorwa kikiwa bado mbele ya macho. Nyoosha mkono, shikilia daftari kando ya mti au jiwe lenyewe, fumba jicho moja, ulinganishe. Anayesubiri hadi afike nyumbani ndipo akague kazi yake hana cha kulinganisha nayo isipokuwa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo imekwisha kufuata makosa ya mchoro.

Mti uliochorwa ungeweza kuwa mti wowote

Dalili inajulikana: mistari miwili sambamba ndiyo shina, na juu yake kuna wingu la majani lililokunjwakunjwa pembeni. Kuhakikisha, mwoneshe mtu anayeijua miti ya eneo lenu na umwombe autaje. Akisita, au akitaja mti usiokuwa huo, basi mchoraji hakuchora alichokiona. Alichora mti aliojifunza kuuchora shuleni akiwa mtoto, na macho yake yalitumika tu kuthibitisha kwamba kweli mbele yake kulikuwa na mti.

Tiba ni kuyaacha majani hadi mwisho na kutumia dakika moja nzima kutazama bila kuchora. Katika dakika hiyo jiulize shina ni sehemu gani ya urefu wote, linagawanyika kuanzia wapi, anga inaonekana wapi kupitia matawi, na ncha za matawi zinaelekea juu, pembeni au chini. Majibu hayo hutofautisha miti kuliko umbo la jani. Mwembe una mwavuli mzito wa mviringo usio na matundu ya anga, na kivuli chini yake ni cheusi hata asubuhi. Mkaratusi una shina refu lililonyooka, gome lake hubanduka kwa vipande virefu, na majani yake membamba huning'inia, kwa hiyo mwanga hupita kila mahali na mwavuli wake haupaswi kujazwa penseli. Mkuyu hugawanyika karibu na ardhi, matawi yake hutanda kwa upana, gome lake lina rangi ya manjano iliyofifia, na makuyu hukaa kwa vishada kwenye matawi manene. Mchoro wenye mambo mawili tu kati ya hayo, bila hata jani moja, utatambuliwa na mwenyeji yeyote.

Katika msitu wa kupandwa kama Rubya dalili hubadilika: miti yote hutoka sawa na msitu hugeuka uzio. Chanzo ni kuhesabu mashina badala ya kutazama umbali. Chagua mti mmoja wa mbele na uuchore kwa mstari mzito uliokatikakatika. Mashina yanayofuata yapate mstari mwembamba zaidi na yakaribiane zaidi kadiri yanavyokwenda mbali, na ya mwisho kabisa yawe kivuli kimoja cha kijivu kisicho na mistari.

Mawe yametoka kama viazi vilivyomwagwa

Hili ndilo tatizo la Mwanza hasa, kwa sababu mchoraji wa hapa hawezi kutembea mbali bila kukutana na mawe. Dalili ni maumbo ya mviringo yaliyorundikwa, kila moja limezungushiwa mstari wa unene ule ule. Hayana uzito, hayajakalia kitu, na mtazamaji hawezi kusema kama ni ya kushikwa mkononi au ya kujengewa nyumba juu yake. Jiwe la Bismarck, ambalo ni alama ya jiji na ambalo kila mgeni hulipiga picha, huchorwa hivyo mara nyingi kuliko linavyochorwa vizuri.

Chanzo cha kwanza ni kutojua mawe haya yalipataje umbo lake. Ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyopoa chini ya ardhi ikiwa mwamba mmoja, kisha ikapasuka kwa nyufa zinazokatana. Maji yalipopenya kwenye nyufa hizo yaliuozesha mwamba pole pole, na yaliozesha zaidi kwenye kingo na kona, ambako yalishambulia kutoka pande mbili au tatu kwa pamoja. Ndiyo maana vipande vilivyoanza vikiwa na umbo la boksi vimeishia kuwa mviringo. Mvua zilipouondoa udongo uliotokana na kuoza huko, mawe yakabaki wazi yakiwa yamepandana. Mengi ya mawe tunayoyaona yakiwa juu ya mengine hayakuviringika kutoka popote. Yamekaa pale pale yalipokatwa.

Mchoraji anayelifahamu jambo hilo hutazama kwa namna nyingine. Hutafuta boksi lililofichika ndani ya kila jiwe, yaani uso wa juu unaopokea mwanga, uso wa mbele na uso wa kando ulio kivulini. Hutafuta pia ufa unaoendelea kutoka jiwe moja hadi jingine, kwa sababu mistari ya nyufa za rundo zima huwa bado inalingana, na mistari hiyo ikichorwa kwanza rundo hupata mpangilio kabla jiwe hata moja halijachorwa. Baada ya hapo mzingo wa jiwe uchorwe kwa mistari michache iliyonyooka, hata pale jicho linapodai mviringo, na kona chache tu zilainishwe mwishoni. Alama nyeusi kuliko zote ziwekwe mahali jiwe linapokalia jingine: ule mstari mwembamba wa giza katikati yao ndio unaotoa uzito, na mara nyingi huo peke yake hutosha kuuponya mchoro ulioonekana kushindikana. Mahali ngozi ya jiwe inapobanduka kwa tabaka, ngazi moja au mbili za tabaka hizo zitaeleza mkunjo wa uso wake vizuri kuliko kivuli kilichopakwa kwa kidole.

Chanzo cha pili ni saa. Afrika Mashariki inatumia saa inayofuata longitudo ya nyuzi 45, ilhali Mwanza iko karibu na nyuzi 33, magharibi sana ya mstari huo. Matokeo yake jua letu hufika juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita. Kuanzia saa tano hivi hadi saa tisa vivuli hujificha chini ya mawe na nyuso zote hupata mwanga unaofanana, kwa hiyo hata mchoraji hodari hatoki na kitu. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye karatasi. Rekebisha ratiba: toka kunapopambazuka hadi saa tatu, au baada ya saa kumi jioni. Anayeweza kutembea mchana tu achore vitu ambavyo mwanga wa utosini hauviharibu, kama vile gome, majani ya karibu na mizizi.

Chanzo cha tatu ni ukosefu wa kipimo. Jiwe lisilo na kitu kando yake halina ukubwa. Tafuta pimbi anayeota jua, mtu anayepita, mlango wa nyumba iliyoshikamana na mwamba, au mjusi wa mawe wa kwetu, yule ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, na ambaye jina lake la kitaalamu, Agama mwanzae, limebeba jina la Mwanza tangu 1923. Doa dogo tu la kumwakilisha linatosha. Usimfuate ndani ya ufa, wala usiweke mkono ndani ya ufa wowote ili ujishikilie unapochora. Nyoka nao hujihifadhi humo.

Ndege ameruka na ukurasa umebaki na mdomo

Ukurasa wenye midomo, macho na nusu za vichwa, bila mwili hata mmoja, unaonesha kwamba mchoraji huanza na kinachomvutia badala ya kinachotoweka upesi. Jicho la ndege halibadiliki. Linaweza kutazamwa kwa ndege yeyote wa aina hiyo siku yoyote. Kinachotoweka ni mkao. Kwa hiyo mstari wa kwanza uwe mhimili wa mwili kutoka kichwani hadi mkiani, pamoja na mwinamo wake. Wa pili uwe umbo la kiwiliwili. Kisha pembe ya kichwa. Kisha mahali miguu inapogusa tawi, ambapo sharti pawe chini ya uzito wa mwili, la sivyo ndege ataonekana anaanguka. Hayo yote ni kazi ya sekunde chache. Ndege akiruka hapo, mchoro umekwisha na unasomeka.

Wengi hujaribu kuukamilisha kwa kubuni mara ndege anapoondoka. Ninashauri kwa nguvu wasifanye hivyo, kwa kuwa mabawa yaliyobuniwa huharibu mkao ulioonwa kweli, na baada ya wiki mchoraji mwenyewe hawezi kutofautisha kipi alikiona na kipi alikitunga. Iache nusu hiyo, anza nyingine kando yake. Ndege huirudia mikao yake, na ukurasa wenye michoro sita iliyokatika ya ndege mmoja unaweza kukamilishwa kwa zamu kila mkao unaporudi.

Sehemu kubwa ya tatizo hili, hata hivyo, ni uchaguzi wa ndege. Anayeanza kwa mbayuwayu amejitakia. Mwambao wetu una ndege wavumilivu wa kutosha. Kongoti husimama kwenye mapaa na kandokando ya soko la samaki la Mwaloni kwa muda mrefu bila kusogea. Mnandi akitoka majini husimama juu ya jiwe na kuyatandaza mabawa yakauke, na mkao huo huudumisha kwa muda wa kutosha hata kwa mkono wa polepole. Furukombe hukaa juu ya mti mrefu wa ufukweni akilitazama ziwa. Yangeyange hutembea lakini husimama kila baada ya hatua chache katika mkao ule ule. Mdiria mweusi na mweupe, anayeelea hewani juu ya maji kabla ya kujitosa, hapaswi kuchorwa akiwa hewani na anayejifunza; hurudi mara kwa mara kwenye mti au nguzo ile ile, kwa hiyo chora nguzo kwanza, kisha msubiri. Na asiyepata ndege kabisa achore kiota cha fundichuma, lile rundo kubwa la vijiti lenye paa, lililokaa kwenye panda ya mti: lina ukubwa wa kuonekana kutoka mbali na haliruki.

Ikiwa kila ndege huruka kabla mchoraji hajafungua daftari, chanzo ni namna anavyomsogelea. Usimwendee moja kwa moja ukimkazia macho. Pita kwa mshazari kana kwamba unakwenda kwingine, keti ukiwa bado mbali, na daftari liwe wazi tangu mwanzo.

Ziwa limesimama wima

Dalili ni maji yanayoonekana kama ukuta nyuma ya miti, na visiwa vinavyoelea hewani. Chanzo karibu kila mara ni mstari wa upeo uliowekwa kwa mazoea, katikati ya karatasi, bila kujali mchoraji alikuwa wapi. Kanuni haina hila: upeo wa ziwa huwa usawa wa macho ya anayetazama. Shika penseli kwa ulalo mbele ya macho yako na utaona inaufunika. Ukiketi mchangani, upeo utapita chini, ukikata macho ya watu walioketi kama wewe. Ukipanda kilimani nao hupanda pamoja nawe, na vichwa vya miti ya ufukweni hubaki chini yake. Ndani ya ghuba ya Mwanza kuna tahadhari zaidi, kwa sababu unachokiona ng'ambo si upeo bali ni ufuko wa pili, na ukingo wa maji yake hukaa chini kidogo ya usawa wa macho. Visiwa navyo huonekana kuelea pale mguu wake unapochorwa ukiwa na mkunjo. Mstari wa maji kwenye mguu wa kisiwa cha mbali ni ulalo mtupu.

Mawimbi yachorwe kwa vistari vya ulalo vilivyo virefu na vyenye nafasi mbele, vifupi na vilivyosongamana mbali, na sehemu kubwa ya maji iachwe nyeupe. Gugu maji na mafunjo husaidia kuyalaza maji, kwa kuwa mafunjo husimama na gugu maji hulala. Lakini gugu maji lichorwe mara moja kabla ya kitu kingine chochote, maana upepo ukigeuka zulia zima huhamia upande mwingine wa ghuba. Mchoraji asiketi miguu ikiwa majini, hata kama jiwe lililo bora zaidi liko huko. Kichocho huambukizwa kwa ngozi kugusa maji yenye vimelea, na maji ya kina kifupi penye majani na konokono ndiyo hatari zaidi.

Nje mchoro ulipendeza, nyumbani umekuwa mweusi, au umepauka

Dalili hizi mbili zinapingana lakini zinatoka mahali pamoja. Risasi ya penseli hung'aa, na chini ya jua kali mng'ao huo huifanya alama nyeusi ionekane ya kijivu. Mchoraji hukandamiza zaidi, na akifika sebuleni hukuta matope. Mwenzake aliyeketi chini ya mwembe huona karatasi ikiwa imefifia, huogopa kuongeza, na mchoro wake hutoka umepauka. Tiba ya wote wawili ni kuiweka karatasi kwenye kivuli chepesi, hata kama ni kivuli cha mwili wako mwenyewe, kwa kuupa mgongo upande wa jua.

Ikiwa mchoro bado umepauka, tazama herufi kwenye penseli. Penseli ya HB inayouzwa kila duka ni nzuri kwa mistari lakini haifiki kwenye giza la kweli. 2B hutosha kwa kazi nyingi za matembezini, na 4B iwe kwa vile vivuli vya chini ya mawe pekee. Zenye herufi H peke yake ni ngumu na zibaki nyumbani. Kisha ugawanye mchoro katika viwango vitatu tu, yaani karatasi tupu, kijivu kimoja na giza, na uamue kila eneo ni la kiwango gani kabla ya kupaka. Mchoro wenye vijivu vingi vinavyokaribiana hupauka hata ukichorwa kwa mkaa.

Karatasi na unyevu

Asubuhi kando ya ziwa karatasi nyembamba hulegea kwa unyevu, na kiganja chenye jasho humaliza kazi. Ukiona bolpeni inaruka na kuacha mapengo, si lazima wino uwe umekwisha. Mara nyingi mafuta na jasho la mkono vimepaka karatasi. Weka kipande cha karatasi nyingine chini ya kiganja. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inavumilia penseli na bolpeni lakini hujikunja kwa rangi za maji. Kwa rangi hizo tafuta yenye gramu 200 au zaidi, au ukate manila nene vipande vya ukubwa wa daftari na kuvibana kwenye kadi ngumu. Madukani mwa steshenari hilo ni rahisi kuliko kutafuta daftari maalumu. Karatasi ikilowa, usiichore. Penseli haitaacha alama bali itaichana. Funga, endelea na matembezi.

Kuna adui mmoja wa huku kwetu. Wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kama moshi, wengi zaidi siku za mwezi mwandamo, hunasa kwenye rangi mbichi kwa mamia. Usiwafute rangi ikiwa haijakauka, kwani kila mmoja ataacha mstari. Rangi ikikauka, wapukute kwa brashi kavu. Alama zitakazobaki ni ndogo.

Watu wamekusanyika, au wana wasiwasi

Tatizo hili halionekani kwenye karatasi moja kwa moja, bali katika mistari ya haraka ya mtu anayetaka kuondoka. Watoto wakikuzunguka huna la kufanya ila kuwapa karatasi. Mtoto mwenye penseli yake huacha kutazama yako. Wasiwasi wa watu wazima ni jambo zito zaidi, na chanzo chake kinaeleweka: mtu aliyesimama kando ya kiwanja, ameshika ubao, amenyoosha mkono na kufumba jicho moja akipima kwa penseli, anafanana kabisa na mpima ardhi. Mama aliyeketi mlangoni atakuuliza, "Mwanangu, mmekuja kutupimia tena?" Jibu lisingoje swali. Unapofika, salimia kwanza, "Shikamoo mama," au "Mwangaluka" ikiwa ni asubuhi na uko kwa Wasukuma wanaoipenda salamu yao, kisha sema wazi, "Ninaomba kuchora huu mkuyu wenu," na uoneshe daftari. Ruhusa ikipatikana, mara nyingi huja na kigoda na historia ya mti wenyewe. Ikikataliwa, nenda. Karibu na bandari, kambi na majengo ya ulinzi usichore kabisa, hata kama ndege mzuri kuliko wote ametua juu ya ukuta wake.

Michoro haikamiliki, na baada ya mwezi haieleweki

Anayelalamika kwamba hamalizi kamwe achunguze ukubwa wa michoro yake. Ukurasa mzima kwa dakika tano haujaziki. Eneo la ukubwa wa kiberiti hujazika. Chora mraba mdogo kwanza, uchore ndani yake, na ukipata muda chora mraba wa pili. Jioni kuna sababu nyingine: karibu na ikweta jua hushuka kwa mteremko mkali, hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache kutegemea mwezi, na giza huingia takriban dakika 20 baadaye. Mchoro wa vivuli ulioanza saa kumi na mbili kamili utashuhudia vivuli vyake vikihama na kutoweka. Katika saa hiyo weka mipaka ya vivuli vyote katika dakika ya kwanza, kwa mstari mwepesi, kisha usiibadilishe tena hata jua likiihamisha.

Ama kutoeleweka, sababu yake ni kwamba mchoraji aliiamini kumbukumbu yake. Rangi ya gome, upande upepo ulikotoka, sauti iliyosikika kichakani, jina la mti alilolitaja mwenyeji kwa Kisukuma au Kikerewe: hayo hayachoreki, na yote huandikika kwa maneno manne matano pembeni mwa karatasi pamoja na tarehe, saa na mahali. Yaandikwe ukiwa bado umesimama, kabla ya kufunga daftari. Pale ambapo mchoro na maandishi hayo vinapingana, kama pale jani limechorwa pana na maandishi yanasema ni jembamba, rudi kesho kwenye mti ule ule, saa ile ile, ukalitazame.